Majaruba Yana Majina

Kijana wa ardhi alishuka bondeni na viatu vya Wete,
tope likamvua kimoja kabla hajanisalimu.
Alikuja na kamba, na karatasi yenye mistari,
akaniuliza: kiambo hiki kilianza mwaka gani?

Nikamwambia, shika ncha hiyo, mimi nishike hii,
tupime huku nikikueleza. Mwaka siujui.
Najua ilikuwa vuli iliyochelewa,
na Visikini haikuwa na visiki bado.
Ilikuwa miti.

Walikuja watatu na muundu mmoja:
Faki bin Shaame, aliyegombana na kaka yake kwa ajili ya mbuzi,
mkewe Mkasi, mimba ya miezi saba,
na mama yake Mkasi, ambaye hakualikwa.
Huyo mkwe ndiye aliyechagua mahali.
Alichimba kwa kifuu, akautia udongo ulimini,
akatema, akasema, hapa mpunga utatukubali.
Watu husema aliyasikia maji chini.
Mimi nasema alichoka kutembea.

Basi hapo unapokanyaga ni Kwa Mkwe.
Lile la pili ni Tuliache,
kima walilivuna kabla yetu misimu mitatu.
Lile jembamba ni Dunguni: Mkasi alipanda dungu kuamia ndege
akashuka na mtoto mkononi,
na ndege siku hiyo, wanasema, walikula watakavyo.
Usiniandikie namba. Andika Dunguni.

Vuta kamba, mwanangu, imelegea.

Kisha ikaja karafuu.
Akaja mtu juu ya punda, na hati yenye muhuri,
na nyuma ya punda watu, wamefungwa kaniki na kimya.
Kilima chote kile walikifyeka wao,
visiki ni vyao, jina la kiambo ni lao,
ingawa wenyewe majina yao waliachiwa
na waliowanunua: Songoro. Feruzi. Zafarani.
Ile hati niliwahi kusomewa.
Imetaja mikarafuu mia sita na kidogo,
imetaja kisima, imetaja punda na rangi yake.
Watu wamo mstari wa chini, baada ya punda,
kwa idadi.

Unauliza mpaka uko wapi kati ya wale na hawa?
Haupiti ardhini.
Kuumeni mimi ni wa Faki,
kukeni ni wa Zafarani,
na mama yangu alipotajwa upande wake
alikuwa akiinuka kwenda kuangalia chungu
hata kama jiko limezimwa.

Njoo huku. Angalia mtaro huu.
Zafarani alipoachwa huru alipewa kipande cha chini,
kikavu, ambacho hapakuwa na aliyekitaka.
Aliuchimba usiku, baada ya kuchuma karafuu za watu kwa pishi.
Alipofika kwenye kisiki cha mvule hakuwa na shoka,
hakwenda kuazima,
akaupinda mtaro, akakizunguka.
Kisiki kimeoza zamani, hata bibi yangu hakukiona.
Maji bado yanakizunguka.

Kijana akatazama kamba yake iliyonyooka,
akatazama maji.
Akasema kwenye ramani itabidi uende moja kwa moja,
ndivyo chombo kinavyosoma.
Nikamwambia chombo chako hakijalima hapa.
Akacheka, halafu hakucheka,
akapiga magoti topeni na suruali yake nzuri
akachora pindo lile kwa mkono, kwa kalamu ya risasi,
likatoka baya kama sikio la mbuzi.
Niliridhika.

Kiatu chake tulikitafuta hadi adhuhuri, hatukukipata.
Alirudi Wete na kandambili za mwanangu Subeti.
Jana nimepandikiza pale pale miche ya Ringa,
na watoto, bila kuagizwa na mtu,
wameshaanza kupaita Kiatuni.